Uchambuzi wa kisa: sedani ya dizeli, feni iliyonguruma na themostati iliyotolewa

Kisa hiki ni cha gari moja na wamiliki wake wawili. Majina, namba za usajili na sehemu za kazi vimeondolewa. Aina ya gari nayo nimeiacha: ni sedani ya Kijerumani ya mwaka 2012 yenye injini ya dizeli ya silinda nne, kundi moja na BMW 520d, Mercedes-Benz E220 CDI na Audi A6 2.0 TDI. Ukiitaja nembo, mjadala unageuka ushabiki, na yaliyotokea hapa yangeweza kulipata lolote kati ya hayo matatu. Mimi niliingia katikati, gari likiwa tayari limeshapita kwa mafundi watatu.

Usuli

Mmiliki wa kwanza ni mhandisi wa Dar es Salaam. Mwaka 2019 alikuwa na mkataba wa kazi Morogoro, kwa hiyo kila wiki alikwenda na kurudi, karibu kilometa 190 kila upande, kwa Toyota Crown ya petroli. Crown ni gari zuri, lakini kwa safari hizo pampu ilikuwa inamnyonya. Alitaka gari linalotulia barabarani, lenye nguvu ya kulipita lori kwenye mlima bila kulilazimisha, na linalokula kidogo.

Kwa mahitaji hayo dizeli ya Kijerumani ilikuwa jibu sahihi. Injini za kundi hili hutoa nguvu ya kuvuta ya nyutonimita 380 hadi 400 kabla ya kufika mizunguko 2,000 kwa dakika. Ndiyo maana dereva aliyezoea petroli akiligusa tu pedali anashangaa: gari halipigi kelele, linaondoka.

Bei nayo ilikuwa imelainika. Tangu kashfa ya Volkswagen ya Septemba 2015, dizeli ilianza kuchukiwa Ulaya, na tarehe 8 Aprili 2019 jiji la London lilianzisha eneo ambalo gari la dizeli lisilofikia Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, hulipa pauni 12.50 kila siku linapoingia. Sedani nyingi za dizeli za 2012 ni za Euro 5. Waingereza wakaanza kuziuza, na kwa kuwa usukani wao uko kulia kama wetu, ikawa neema kwa mnunuzi wa huku.

Ununuzi

Mhandisi alinunua kwa akili, na hilo nataka lionekane, kwa sababu watu wengi wakisikia mwisho wa kisa hudhani aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Uingereza gari lililozidi miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na matokeo, pamoja na maili zilizosomwa siku ile, yako wazi mtandaoni kwa yeyote mwenye namba ya gari. Alifuatilia mwaka hadi mwaka, akaona namba zinapanda bila kurudi nyuma, na akasoma maoni ya wakaguzi kuhusu kutu ya chini ya gari. Kutu ni jambo la kuangalia kwa magari ya kule kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Magari mawili ya mwanzo aliyakataa kwa sababu hiyo tu.

Kisha akaomba video ya gari likiwashwa asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Hili nalisifu sana. Kwenye injini ya BMW iitwayo N47 na ya Mercedes iitwayo OM651, taimingi cheni, mnyororo unaooanisha vali na pistoni, iko nyuma, upande wa giaboksi, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi ya kushusha vitu vizito. Cheni iliyolegea hukwaruza wakati wa kuwasha ikiwa ya baridi. Injini ikishapata moto unaweza usisikie kitu. Akalitafutia pia namba ya chesi kuona kama kuna kazi ya kiwandani iliyoagizwa na haijafanywa, kwa sababu mwaka 2018 BMW iliita magari milioni 1.6 ya dizeli duniani kote kwa tatizo la kipoozeo cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini, baada ya magari kuwaka moto Korea Kusini.

Kwenye kodi alikokotoa mapema. Wakati ule ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 lakini isiyozidi cc 2,000 na asilimia 10 kwa inayozidi. E220 CDI ya miaka hiyo ina cc 2,143, kwa hiyo inaangukia upande wa juu ilhali 520d haiangukii, na watu hugundua hilo gari likiwa tayari bandarini. Kuna pia ushuru wa uchakavu kwa gari lililofikisha miaka minane, unaopanda likizidi kumi, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla.

Gari lenye Euro 6 alilikwepa makusudi. Hakutaka habari za AdBlue, kimiminika cha urea ambacho mengi ya magari hayo hukitumia kusafisha moshi, na dizeli yetu ya Afrika Mashariki tangu Januari 2015 ilikuwa imewekewa kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni, wakati Ulaya ni 10. Kwa Euro 5 aliona anaweza kuishi nayo. Uamuzi wa busara.

Mwaka wa raha

Gari lilifika mwanzoni mwa 2020. Morogoro ikawa safari ya kufurahia. Sikukuu moja alikwenda Moshi na familia, na tanki alilojaza Dar lilimpeleka na kumrudisha hadi Segera kabla ya kuweka tena. Mkewe, ambaye alikuwa ameipinga dizeli tangu mwanzo kwa sababu ya moshi wa daladala, alikiri kwamba nyuma ya gari hili hakuna moshi wala harufu.

Malalamiko ya kipindi hicho yalikuwa mawili. Halina tairi ya akiba, na tairi zake ngumu, zile zinazokimbia hata zikitoboka, zinakufanya uhesabu kila kokoto. Pili, kila duka la spea alilopita eneo la Gerezani, Dar, aliambiwa bei ya kwanza kwa kuangalia nembo ya ufunguo.

Karibu na mwisho wa mkataba alifanya sevisi kwenye gereji ya mtaani. Aliomba oili ya dizeli, akawekewa oili ya dizeli: 15W-40 ya malori. Hakuna aliyemdanganya. Ndiyo oili ambayo muuzaji yeyote angempa mtu aliyeomba hivyo.

Mambo yalivyobadilika

Mkataba wa Morogoro uliisha katikati ya 2021. Kuanzia hapo maisha ya gari yakawa nyumbani, shule, ofisi, duka. Hakuna kipande kilichozidi kilometa saba, na sehemu kubwa ni foleni, AC ikiwa imewashwa.

Baada ya wiki kadhaa alianza kuona kitu. Akizima gari nyumbani, feni ya rejeta inanguruma kwa nguvu dakika nzima na zaidi, na chini kuna harufu ya chuma kilichoungua. Siku nyingine haifanyi. Gari lenyewe halina geji ya maji ya kumtoa mtu wasiwasi. Akalipeleka kwa fundi wake wa siku nyingi, mtu mzima aliyemtunzia Crown bila kosa.

“Bosi, inachemsha hii,” fundi akasema. “Kwa joto hili la Dar, themostati ya nini?”

Akaitoa, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Feni ikanyamaza siku hiyohiyo na haikunguruma tena. Mteja akafurahi, fundi akalipwa.

Kwa muda hakukuwa na la kusema isipokuwa ulaji wa mafuta kupanda, jambo ambalo mhandisi alilaumu foleni. Kisha taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, na siku ya pili yake, akipanda daraja, gari likakosa nguvu kabisa: ukikanyaga halivuki mizunguko 2,500. Fundi wa pili alikuja na kompyuta, akafuta makosa, gari likapata nguvu, taa ikarudi wiki hiyohiyo. Akafuta tena. Hakuandika popote makosa yalikuwa yapi.

Fundi wa tatu alisoma vizuri zaidi. Alisema DPF imeziba, na hapo alikuwa sahihi. DPF ni chujio la masizi lililo kwenye bomba la ekzosi, na hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo. Tiba yake ilikuwa kulipasua chujio, kung'oa matumbo ya ndani, kulichomelea tena na kuiandika upya kompyuta ya gari isiulize kitu. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya chujio jipya. Mhandisi aliomba siku mbili za kufikiri, ndipo akanipigia.

Ukaguzi

Swali langu la kwanza lilikuwa anakwenda wapi na gari siku hizi. Alivyojibu, nusu ya kazi iliisha.

Nilichomoa stiki ya oili, nikaifuta kwa kitambaa, nikairudisha na kuichomoa tena. Oili ilikuwa vidole viwili juu ya alama ya mwisho, nyepesi kama maji ya chai, na ukiinusa ni dizeli. Kijana wa gereji alikuwa amemwambia mhandisi kwamba gari ni zima sana kwa sababu halipunguzi oili. Kweli halikupunguza, lilikuwa linaongeza.

Tukaingia barabarani kompyuta ikiwa imeunganishwa. Baada ya nusu saa maji ya rejeta yalikuwa nyuzi 60 na kitu. Injini hii inatakiwa ikae karibu na 90. Masizi kwenye chujio yalisomeka gramu 30 na ushee, yaani karibu na kiwango ambacho kompyuta yenyewe inakata tamaa.

Uamuzi, na sababu zake

Kulikuwa na njia tatu: kung'oa matumbo ya chujio, kununua lingine, au kurekebisha chanzo na kujaribu kuliokoa lililopo.

Kuhusu kung'oa, sikumtisha na sheria. Uingereza gari lililoundwa na DPF halifaulu ukaguzi bila hiyo tangu Februari 2014. Dar hakuna aliyekuwa anamwangalia. Sababu zangu zilikuwa nyingine. Programu ya kompyuta inayoandikwa na mtu asiyejulikana, bila nakala ya ile ya asili kuhifadhiwa, ni kufuli uliyompa mwingine ufunguo. Halafu, chujio halikuwa limeharibika. Lilikuwa limezuiwa kufanya kazi. Na gari lenye rekodi safi tangu siku ya kwanza lingepoteza kitu kimoja kilicholitofautisha na mengine sokoni.

Chujio jipya lingeziba vilevile bila themostati, kwa hiyo nalo liliondoka mezani.

Tukaanza na themostati mpya ya asili, siyo ya kufanana. Kisha oili ikamwagwa yote, ikawekwa yenye majivu machache, ile ambayo mtengenezaji anaiidhinisha kwa injini zenye DPF. Mpangilio huu una maana. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi, na ikizidi sana injini ya dizeli inaweza kuivuta na kuichoma yenyewe bila wewe kukanyaga kitu. Hulazimishi chujio kuchoma masizi ukiwa na oili ya namna hiyo. Tulikagua pia vimpira viwili vinavyopeleka shinikizo kwenye sensa ya DPF. Kimoja kilikuwa na ufa. Kipande cha mpira cha bei ndogo kinachoweza kumfanya mtu anunue chujio zima.

Kuchoma masizi hatukukufanya gari likiwa limesimama. Inawezekana kwa kompyuta, lakini ekzosi hufika nyuzi 600 hivi, na gereji nyingi zetu zina majani makavu na matambara yenye oili chini. Tuliondoka alfajiri kwa barabara ya Bagamoyo. Kupita Bunju foleni ikaisha, tukashika mwendo wa wastani, na nikaona joto la ekzosi likipanda kwenye skrini: 280, 400, 560, kisha 610. Gramu zikaanza kushuka. Tulipofika Bagamoyo zilikuwa chini ya tano. Baada ya hapo tukabadilisha oili tena, mapema, na mhandisi alinung'unika kuhusu gharama ya oili mara mbili ndani ya wiki mbili. Alikuwa na haki ya kunung'unika.

Matokeo

Nguvu ilirudi na taa haikuwaka tena. Shinikizo la chujio lilishuka sana lakini halikufika la gari jipya. Masizi huungua, majivu hayaungui. Majivu hutokana na viungo vya oili na hubaki humo mpaka chujio lishushwe na kuoshwa kwa mashine. Ile 15W-40 ilikuwa imechangia, japo haikuwa mkosaji mkuu.

Nilimwambia mhandisi kwamba akibaki na ratiba yake, kila wiki alipeleke gari nusu saa kwenye barabara iliyo wazi. Alijaribu. Baada ya miezi michache alisema, kwa hasira ya mtu mwenye haki, kwamba hakununua gari ili alitembeze. Mwaka 2022 aliliuza kwa mfanyabiashara wa Dodoma na kununua sedani ya haibridi. Kwenye bei alipata hasara ya kawaida ya magari haya, lakini faili la risiti na rekodi za ukaguzi wa Uingereza vilimtoa kwenye mikono ya madalali: mnunuzi alikuja na fundi wake, akasoma, akalipa karibu na bei iliyotajwa.

Uchambuzi

Kiini cha kisa hiki ni ile siku feni iliponyamaza. Ilikuwa inanguruma kwa sababu gari lilikuwa katikati ya kuchoma masizi. Kompyuta inapoona chujio linajaa, huongeza dizeli baada ya mlipuko wa silinda ili kupandisha joto la ekzosi, na kazi hiyo huhitaji dakika 10 hadi 20 za mwendo usiokatika. Mhandisi alikuwa anafika nyumbani na kuzima kabla haijaisha. Feni ilikuwa inapooza joto lililobaki, na dizeli ile ya ziada iliyoshindwa kuungua ilikuwa inapita pembeni ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili.

Themostati ilipotolewa, injini haikufika tena joto ambalo kompyuta inalidai kabla ya kuruhusu kuchoma. Basi ikaacha kujaribu. Dalili ilitoweka kwa sababu gari liliacha kujisafisha. Matibabu yanayoondoa dalili siku hiyohiyo ndiyo magumu kuyatilia shaka, na kwa hili sioni sababu ya kumcheka yule mzee. Kwenye gari la petroli la miaka ya 1990 feni inayonguruma baada ya kuzima ni joto kweli, na themostati iliyotolewa kwa hali ya hewa ya Pwani huwa haileti msiba unaoonekana. Alitumia uzoefu wake wote, ila ulikuwa uzoefu wa gari jingine.

Fundi wa pili simsamehei kirahisi hivyo. Kufuta makosa bila kuyaandika ni kuchana cheti cha hospitali kabla daktari hajakisoma. Kama angeandika, kosa la injini kutofikia joto lingekuwa kwenye karatasi tangu mara ya kwanza, na kisa kingeisha kwa bei ya themostati.

Ukaguzi wa ununuzi ulifanya kazi, lakini ulijibu swali la hali ya gari tu. Swali la matumizi lilikuwa na jibu sahihi mwaka 2019, likabadilika 2021, na hakuna aliyelirudia. Mtu hubadilisha ofisi, anahama nyumba, mtoto anaanza shule ya jirani, na gari la dizeli lililokuwa zima linaanza kuugua bila kuguswa na mtu. Kwa sababu hiyo, mteja wangu akisema anataka dizeli namwomba anieleze wiki yake ya kawaida, kilometa kwa kilometa, kabla sijauliza bajeti. Akiwa na safari moja tu ya uhakika ya barabara kuu kwa wiki, naendelea. Akiwa hana, namwelekeza kwenye petroli au haibridi, hata kama moyo wake uko kwenye ile nembo.

Mmiliki wa pili

Huyu anasafiri Dodoma, Singida na Dar kwa biashara. Tangu alinunue, taa ya DPF hajawahi kuiona. Chujio alilishusha na kuliosha mara moja kwa ushauri wangu, na shinikizo likakaribia la kiwandani. Alibadilisha bushi za mbele, akatupa zile tairi ngumu na kununua za kawaida pamoja na tairi ya akiba anayoilaza kwenye buti, ikimnyang'anya nusu ya nafasi. Anaapa hatarudi kwenye petroli.

Sasa anaulizia toleo jipya zaidi, la Euro 6. Nimemwambia kabla ya kutafuta gari atafute kwanza nani Dodoma anauza AdBlue, na anaihifadhi wapi. Ni mchanganyiko wa urea asilimia 32.5 na maji, na ikikaa kwenye stoo yenye joto linalozidi nyuzi 30 maisha yake yanafupika. Gari likihesabu kilometa zilizobaki hadi sifuri, ukilizima haliwaki tena, uwe Dodoma mjini au katikati ya Manyoni na Singida. Bado hajanijibu.